Tunahitaji Msee wa Kuuliza "Umejuaje?"

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio msiseme nawahubiria.

Mei 2024, ile wiki Mombasa ilipiga muguka marufuku, nilitoa vidio. Nilisimama shambani kwa ankoli wangu huku Kiritiri, majani nyuma yangu, simu mkononi, hasira kifuani. Nikasema muguka ni mmea tu kama sukuma wiki. Nikasema hauna madhara hata kidogo, na kwamba wanasiasa wa Pwani wanatuonea wivu. Manze, ile vidio ilienda! Kufikia jioni ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti, na wasee wa Embu walikuwa wananiita sauti ya wakulima.

Katikati ya zile emoji za moto kulikuwa na komenti moja ya mama wa Mombasa. Hakunitusi. Aliandika kwamba kijana wake ana miaka kumi na saba, hajalala vizuri kwa miezi, ameacha shule, na usiku anaongea peke yake. Halafu akaniuliza swali la neno moja: "Umejuaje?"

Nilikaa na hilo swali kitandani mpaka usiku wa manane. Enyewe, nilikuwa nimejuaje? Nilijua muguka ndio ulilipa karo yangu tangu darasa la kwanza. Nilijua ankoli wangu anatafuna kila siku na bado analima. Nilijua soko likifungwa, cucu wangu hatanunua dawa zake za presha. Yote hayo ni kweli kabisa. Lakini hakuna hata moja inayojibu swali la yule mama.

Sikumjibu. Baada ya wiki moja nikaifuta ile vidio kimyakimya, kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Nimeanzia hapo kwa sababu leo nataka kuongea kuhusu watu ambao hilo swali ndio kazi yao. Wanaamka asubuhi, wanavaa viatu, wanaenda kumwuliza daktari, waziri, mtafiti na mkulima: umejuaje? Kazi yao inaitwa uanahabari wa sayansi. Na maoni yangu ni haya: sisi watu wa Meru na Embu tumelipa bei kubwa sana kwa kukosa watu kama hao kwetu.

Wewe ulisikia hiyo kazi ukiwa shule? Mimi sikuisikia. Ile siku ya kuletewa wageni watueleze kuhusu kazi, tuliletewa daktari, injinia, polisi na pasta. Hakuna aliyekuja kutuambia kuna mtu analipwa kusoma utafiti wa kurasa arobaini, kumpigia simu aliyeuandika na kumbana kwa maswali, kisha kukueleza wewe kwa lugha ambayo hata kondakta wa matatu ataelewa.

Msee aliyenifungua macho anaitwa Ed Yong. Alizaliwa Malaysia, akahamia Uingereza akiwa kijana mdogo. Alisoma zuolojia Cambridge, kisha akaanza masomo ya udaktari wa falsafa, zile za kukaa maabara miaka. Akagundua hazimwendei. Akaacha.

Hapo ungekuwa nyumbani kwetu, kungeitishwa kikao cha ukoo.

Lakini mwaka 2006 akafungua blogu. Hakuna gazeti lilimtuma. Alikuwa ameajiriwa kwenye shirika linaloshughulikia saratani, na nje ya saa za kazi anasoma utafiti mpya na kuuelezea kwa watu wa kawaida. Mwaka 2007 akashinda shindano la waandishi wa sayansi la gazeti la Daily Telegraph. Mwaka 2015 akaajiriwa na jarida la The Atlantic la Marekani. Mwaka 2016 akatoa kitabu kuhusu vijidudu vinavyoishi ndani ya miili yetu. Kitabu chake cha pili, An Immense World cha mwaka 2022, kinaeleza jinsi wanyama wanavyohisi dunia kwa njia ambazo sisi binadamu hatuwezi, na mwaka 2023 kilishinda tuzo ya vitabu vya sayansi ya Royal Society.

Cheki jambo moja hapo. Alianza vile wewe na mimi tunaanza. Akaunti yake, mada yake, usiku wake.

Lakini tuzo sio kitu kilichonishika. Kilichonishika ni vile alivyofanya kazi yenyewe. Mwaka 2018 aliandika makala marefu akiuliza kama Marekani iko tayari kwa ugonjwa mkubwa wa kuambukiza. Na hakuanzia Washington. Alianzia Kikwit, huko Kongo, mji uliopigwa na Ebola mwaka 1995, kwa sababu huko kuna watu wanaojua ugonjwa kama huo unavyoingia mjini. Jibu alilopata ni kwamba nchi yao haiko tayari. Miaka miwili baadaye Korona ikaja, na watu wakarudi kusoma yale makala kwa mshangao. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Pulitzer kwa kazi yake kuhusu ule ugonjwa.

Na kuna hii nyingine. Mwaka 2020, wakati kila mtu alikuwa anahesabu waliokufa na waliopona, yeye aliwasikiliza watu ambao Korona ilikataa kuwaachilia. Miezi inapita na bado wamechoka, bado wanahema. Wengi wao walikuwa wameambiwa hospitalini kwamba ni mawazo tu. Aliwasikiliza, akaenda kuwauliza watafiti, akaandika. Nilipofika hapo, nilimkumbuka yule mama wa Mombasa. Mimi nilipata komenti ya mtu anayeumia na nikaikimbia. Huyu alipata watu wanaoumia na akafungua daftari.

Najua mtu tayari anaandika hapo chini: "Bro, huyo ni wa ng'ambo, leta wa hapa." Sawa.

Kuna Ochieng' Ogodo, mwanahabari wa Nairobi. Mwaka 2008 alishinda tuzo ya Reuters na IUCN ya uandishi wa mazingira kwa eneo la Afrika inayozungumza Kiingereza na Mashariki ya Kati. Baadaye akawa mhariri wa SciDev.Net, tovuti ya habari za sayansi, upande wa Afrika kusini mwa Sahara. Kuna chama kizima cha wanahabari wa mazingira, sayansi, afya na kilimo hapa Kenya kinaitwa MESHA. Na kulikuwa na Gatonye Gathura, ambaye kwa miaka mingi aliandika habari za afya na sayansi kwenye Nation na The Standard. Oktoba 2021 alitoweka, na mwili wake ukapatikana kwenye mochwari ya Naivasha. Wanahabari wenzake wakadai uchunguzi ufanywe. Simtaji kuwatisha. Namtaja kwa sababu alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wanatusomea zile ripoti ngumu, na wengi wetu tulijua jina lake siku ya habari za kifo chake.

Sasa turudi mlimani, nikuonyeshe ile bei niliyosema tumelipa.

Miraa ya Meru na muguka wa Embu ni mmea mmoja, Catha edulis, tofauti ni aina na namna ya kuvuna. Kinachomweka mtu macho ni kemikali inayoitwa kathinoni, ambayo kwa umbo iko karibu na amfetamini. Ukishakata jani, kathinoni inaanza kuvunjika na kugeuka kitu hafifu zaidi. Ndio maana miraa inafungwa kwa majani ya ndizi, na ndio maana zile pikapu za kutoka Maua zinapita Chuka kama zimefukuzwa na simba. Zinashindana na kemia. Watu wa Igembe wamejua hii sayansi kwa mikono yao kabla yeyote hajaipima maabara.

Sasa sikia hii. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloshauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilitoa ripoti kuhusu miraa. Lilipitia ushahidi na kusema hautoshi kuhalalisha marufuku. Serikali yao ikasoma, ikaweka kando, na kufikia Juni 2014 miraa ikawa haramu Uingereza. Uholanzi ilikuwa imeshafunga mlango wake kabla ya hapo. Nyumba za Igembe zilizotegemea ile ndege ya London zikabaki na majani bila mnunuzi.

Mwaka mmoja na nusu ulipita kati ya ile ripoti na ile marufuku. Ripoti ilikuwa ya umma, mtu yeyote angeweza kuisoma. Jiulize: ni redio gani ya Kimeru ilikaa saa nzima ikiwaeleza wakulima kwamba wataalamu wa Uingereza wenyewe wamekubali hili, lakini pia wametaja madhara haya na haya, kwa hivyo jipangeni hivi? Mimi nimekua nikisikia hiyo hadithi ikisimuliwa kwa namna moja tu, kwamba wazungu walitunyanyasa. Nimejua kuna ripoti nikiwa mtu mzima, na niliipata peke yangu kwenye intaneti saa saba usiku.

Kisha tukarudia kosa lilelile Mei 2024. Gavana wa Mombasa akapiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Viongozi wa Embu wakapanda mori. Rais akasema marufuku hizo hazina nguvu kisheria, kwa sababu muguka unatambuliwa na sheria za nchi. Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Kila taarifa ya habari ilikuwa na gavana huyu dhidi ya gavana yule, kama mechi ya Gor na Ingwe. Mimi na ile vidio yangu tulikuwa mashabiki tu, wale wa kurusha chupa.

Mwanahabari wa sayansi angefanya nini hiyo wiki? Angeenda Mombasa akae na yule mama na kijana wake. Angemwuliza daktari wa magonjwa ya akili: kati ya vijana unaowaona, wangapi wanatafuna muguka peke yake, na wangapi wanachanganya na bangi, pombe au vidonge? Je, muguka ndio uliwaletea shida, au kuna ambao shida ilikuwa imeanza na wakatafuta kitu cha kuituliza? Angekuja Kiritiri aulize dawa gani ya wadudu inanyunyizwa kwenye majani ambayo mtu ataweka mdomoni bila kupika, na mvunaji anangoja siku ngapi kabla ya kuvuna. Angeuliza mbona mtoto wa miaka kumi na tano anauziwa, na nani anamwuzia. Angemwuliza mkulima, bila dharau: ukiacha muguka, ni zao gani litakulipa kila wiki kwenye udongo huu mkavu wa Mbeere?

Hayo maswali hayamwungi mkono gavana yeyote. Ndio uzuri wake. Na majibu yangesaidia pande zote mbili, kwa sababu yule mama na ankoli wangu wote wanahitaji kujua kitu kilekile: hili jani linafanya nini kwa mwili wa kijana, kwa kiasi gani, na kwa nani.

Najua wengine mtaniambia nawasaliti. "Msee wetu sasa anataka muguka upigwe marufuku." Hapana, sijasema hivyo. Mimi ni mtoto wa muguka, na unga tunaokula nyumbani unatoka huko. Lakini kama njia pekee ya kulinda mkate wangu ni kumwambia mama wa mtu kwamba kijana wake haumwi, basi huo mkate una shida. Na hata tukiongea biashara tu: soko linalolindwa na kelele linaweza kufungwa na kelele. Tuliona Somalia ikifunga mlango Machi 2020 na kuufungua Julai 2022. Ukiwa na ukweli uliopimwa, angalau una kitu cha kuweka mezani.

Na si muguka tu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao Makueni na Kitui, majirani zetu hapo ng'ambo ya Tana. Hiyo sumu, aflatoksini, haiishi kwa kupika. Unaweza kuchemsha githeri mpaka jua lizame na bado iko. Kinachosaidia ni kuanika vizuri mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, na kuhifadhi mahali pakavu. Sentensi tatu, na zinaweza kuokoa nyumba nzima. Uliza cucu wako kama kuna mtu amewahi kumweleza hizo sentensi tatu kwa Kiembu au Kimeru, si kwa karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa kwa ukuta wa chifu. Wangu nilimwuliza. Alisema yeye hutoa tu punje zilizobadilika rangi, zingine anasaga. Si zote zenye sumu hubadilika rangi, cucu.

Hasira yangu nyingine ni hii. Tuna Chuo Kikuu cha Embu. Tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO hapa Embu mjini, watu wanakipita kila siku wakienda soko. Ndani ya hizo geti kuna watu wanaochunguza mahindi yetu, udongo wetu na maji yetu. Mara ya mwisho ulimsikia mmoja wao kwenye redio asubuhi ilikuwa lini? Sasa hesabu mara ngapi wiki hii umesikia wanasiasa. Watafiti wanaandikiana wao kwa wao, wanasiasa wanatuongelesha sisi, na katikati kuna nafasi tupu. Unajua ni nani ameijaza? Watu kama mimi wa Mei 2024. Watu wenye bando na hasira.

Sitawadanganya kuhusu doh. Hii kazi hailipi kama udaktari. Magazeti yamepunguza watu, na wengi wanaoandika sayansi wanauza makala moja moja, leo hapa, kesho pale. Hata Ed Yong aliondoka The Atlantic mwaka 2023, na amesema wazi vile miaka ya Korona ilimchosha. Pia utachukiwa na pande zote. Siku ukisema muguka una madhara, kwenu watakuita msaliti. Siku ukisema ushahidi wa jambo fulani bado hautoshi, Pwani watasema umehongwa.

Lakini angalia tuko na nini tayari. Tuna simu. Tunajua kuelezea jambo kwa sekunde sitini bila mtu kulala. Tunaongea Kiswahili, Kiembu, Kimeru na sheng, lugha ambazo zile ripoti hazijawahi kuandikwa. Kitu kimoja tu hatuna: ile tabia ya kunyamaza kwanza tuulize. Na hiyo haihitaji maabara. Ukiona posti inasema "utafiti umeonyesha", uliza utafiti gani, wa nani, walichunguza watu wangapi, na nani alilipa. Ukikosa majibu, usishee. Ukiwa Form Three na unapenda baiolojia na pia unapenda kupiga stori, usikubali mtu akuambie uchague moja.

Wiki jana nilitafuta jina la yule mama. Lilikuwa bado liko kwenye simu yangu, kwa sababu nilipiga picha komenti yake kabla ya kufuta vidio. Nikamwandikia. Nikamwambia: Mama, shikamoo, mimi ni yule kijana wa Embu. Ulin'uliza nimejuaje. Sikuwa nimejua. Nilisema tu. Nisamehe.

Alijibu siku ya pili. Kijana wake alipelekwa hospitali, sasa analala, lakini shule hajarudi. Hakunilaumu. Akamalizia: "Sasa ukijua utaniambia?"

Nimemwambia nitajaribu. Jumatatu naenda kwa daktari mmoja wa magonjwa ya akili ambaye amekubali kukaa na mimi nusu saa, na nimeandika maswali kumi na moja. Jumatano naenda kwa ankoli kumwuliza ananyunyiza nini. Hataki. Anasema nimeanza kuongea kama watu wa Mombasa.

Kama una swali unataka niulize, liandike hapo chini. Lakini liwe swali. Matusi nitayafuta, hata yakiwa ya kunitetea.